Dumu Lisiloingia Mkono

Kila Ijumaa asubuhi, Bibi Lamisi alitaka kushika kunde zake.

Bibi Lamisi alikuwa haoni. Ukungu ulimwingia machoni pole pole, mwaka baada ya mwaka, mpaka mchana na usiku vikawa kwake kitu kimoja. Lakini vidole vyake! Vidole vya bibi huyu vilikuwa vinaona kuliko macho ya wengi wetu. Alikuwa akigusa kitambaa anakwambia nani amekifua, na kama alikisuuza vizuri. Alikuwa akishika shingo ya mjukuu wake Wumpini anasema, "Mtoto huyu jana hakuoga." Na kweli, Wumpini hakuwa ameoga.

Kunde zenyewe zilikaa kwenye chungu cha udongo, chumbani kwake, nyuma ya mlango. Zilikuwa mbegu. Alikuja nazo kutoka kwao siku alipoolewa, amezifunga kwenye pindo la nguo. Ni kunde ndogo, nyekundu, na zinawahi sana kuiva. Mvua za kwanza zikinyesha zinapandwa. Mahindi ya watu yakiwa bado majani matupu, na ghala zimebaki na panya tu, kunde hizi zimeshaingia jikoni. Huku kwetu Dagbon mtu anayejua miezi ile ya njaa anajua hilo ni jambo kubwa kiasi gani. Na sokoni hazipo. Nyumba nyingine zilikuwa nazo, wakazila zikaisha.

Mwaka huo, baada ya mavuno, Bibi Lamisi alimwita mke wa mwanawe. Jina lake Memunatu. Alikuja akachuchumaa mbele ya mama mkwe wake, kama kawaida ya wake wa nyumba ile.

"Memunatu."

"Abee, mama."

"Mimi fukusi simwoni tena. Namshika tu kwa vidole. Na ukishamshika fukusi, ujue ameshakula. Chukua kunde hizi uzitunze wewe. Nakupa amana."

"Nitazitunza, mama."

"Usijibu haraka hivyo. Mke wa shemeji yangu naye alijibu haraka hivyo hivyo. Za kwake walizimaliza panya."

Memunatu alicheka, lakini kilikuwa kicheko cha mdomoni tu. Moyoni alikuwa ameingiwa na hofu. Kitu cha kwako kikiharibika unasikitika, yanakwisha. Amana ya mtu ikikuharibikia, utamtazamaje? Na huyu hata kukutazama hawezi. Atanyoosha mkono tu, aguse, ajue.

Alichanganya kunde na majivu, kama alivyofundishwa na mama yake. Akazirudisha chunguni, akafunika. Baada ya siku chache akafunua kutazama. Akaona kunde yenye tundu. Akaitupa. Kesho yake akaona nyingine, kisha nyingine tena. Chini ya chungu kulikuwa na unga unga mweupe, na ndani ya unga fukusi wanatembea bila wasiwasi, utadhani wamelipa kodi ya nyumba.

Memunatu alichukua kunde chache kwenye kiganja, akakimbilia kwa jirani yake.

Jirani huyu aliitwa Sahada. Alikuwa anauza tubaani, kunde za kusaga zilizofungwa kwenye majani na kupikwa kwa mvuke. Aliziuza masika na kiangazi. Memunatu alimkuta anafunga majani, mikono imejaa unga.

"Sahada, nisaidie. Nimekwisha mimi!"

"Umefumaniwa?"

"Acha mzaha, mwenzangu! Tazama."

Sahada alitazama kiganja cha Memunatu. Akaacha kucheka.

"Hizi si zile za bibi?"

"Ndizo. Amenipa amana. Wewe unauza tubaani mwaka mzima. Kunde zako mbona haziliwi?"

"Kaa hapo, nikuonyeshe," alisema Sahada. Akaingia chumbani, akatoka na dumu la njano, lile la mafuta ya kupikia. Akaligonga kwa kidole. Lilikuwa zito, limejaa mpaka shingoni.

"Fukusi anavuta pumzi kama wewe," alisema. "Mayai yake yamekuja na kunde kutoka shambani. Huwezi kuyaona. Chunguni hewa ipo tele, basi wanazaliana wanavyotaka. Ukiwafungia kwenye dumu lililojaa, hewa ni kidogo. Wanaivuta, inaisha. Kwanza wanalegea, wanaacha kula. Halafu wanakufa."

"Na mbegu nayo isife?"

"Kama imekauka, haifi. Imelala tu. Kama ina maji, itaoza. Ng'ata moja."

Memunatu aling'ata. Kunde ikalia *ka!* katika meno.

"Basi imekauka. Ingebonyea ningekwambia uirudishe juani. Sasa tafuta dumu la mafuta ya kula. Lioshe kwa sabuni, likauke ndani kabisa. Dumu lililobeba dawa ya shamba usilitumie, hata ulioshe mpaka mikono ichubuke. Lifunge, ulizamishe kwenye maji. Ukiona mapovu, lina tundu, halifai. Pepeta mbegu, toa zilizotobolewa. Jaza dumu mpaka mdomoni. Litikise, ujaze tena, pasibaki nafasi. Chini ya kifuniko weka kipande cha mpira wa baiskeli, ukaze mpaka mkono uume."

"Halafu?"

"Halafu uache."

"Niache tu?"

"Uache, Memunatu. Usifungue mpaka siku ya kupanda. Hapo ndipo watu wengi wanashindwa."

Memunatu alifanya yote kama alivyoambiwa. Alikaza kifuniko mpaka kiganja kikawa chekundu. Akaliweka dumu chumbani kwa bibi, pale pale nyuma ya mlango, juu ya kipande cha ubao, mbali na ukuta na jua. Siku hiyo alikula akashiba kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

Ijumaa ikafika.

Bibi Lamisi alipapasa nyuma ya mlango. Akakuta plastiki. Akaizungushia mkono, akapata mdomo wa dumu. Akataka kuingiza vidole viwili, vikagonga kifuniko.

"Hiki nini?"

"Ni dumu, mama. Mbegu zimo humo. Fukusi hawapati hewa, watakufa."

"Na mimi mkono wangu unaingilia wapi?"

Memunatu alikitazama kifuniko alichokikaza mwenyewe.

"Nimekupa amana, umeitia kwenye dumu la mafuta," alisema bibi. "Mkono wangu hauingii. Nitajuaje kama ni kunde ama ni mchanga? Hata kokoto ukizitia humu zitakuwa nzito hivi hivi."

"Ni kunde, mama. Haki ya Mungu."

"Sijasema huna haki ya Mungu. Nimesema sijashika."

Sasa mwambie mkweo aliyekuzidi umri mara mbili kwamba hatashika mali yake. Wewe unaweza? Memunatu hakuweza. Kwao, mke hamnyimi mama wa mume wake. Alifungua kifuniko, akammiminia bibi kunde kidogo kiganjani. Bibi akazipapasa, moja moja, akatabasamu, akazirudisha. Memunatu akafunga.

Ijumaa iliyofuata ikawa hivyo hivyo. Na ile nyingine. Kila mara kunde chache zilidondoka, nyingine aliokota Wumpini akatafuna. Dumu likaanza kuwa na nafasi juu. Memunatu naye, kwa vile moyo haukutulia, akawa anafungua hata siku zisizo za Ijumaa. Ananusa. Anatega sikio. Anafunga, anajiambia hatafungua tena, kesho anafungua.

Siku moja ya kipupwe, ule upepo mkavu wa vumbi, alifungua kifuniko, akamkuta fukusi juu ya kile kipande cha mpira. Mzima. Anatembea.

Memunatu alimimina kunde kwenye ungo. Karibu nusu zilikuwa na matundu. Alikaa chini, ungo mapajani, akashindwa hata kulia.

Mume wake, Napari, alimkuta hapo. Napari ni mtu mwema, ila ana haraka. Hakuuliza mengi. Alipanda baiskeli akaenda mnadani, akarudi na kipakiti cha unga mweupe.

"Hii dawa kiboko," alisema. "Yule muuzaji kaniambia fukusi akiinusa tu, anasahau jina lake. Nyunyiza uchanganye, uhangaike tena kwa nini?"

Memunatu alikipokea. Angefanya nini? Mbegu za mwisho za familia zilikuwa mbele yake, na kila dakika zilikuwa zinaliwa. Aliweka kipakiti katikati ya meno ili akichane. Kando yake Wumpini alikuwa amechuchumaa, anachota kunde kwenye ungo na kuzitafuna.

"Memunatu! Toa hiyo mdomoni!"

Alikuwa Sahada, amekuja kurudisha kinu. Alikiweka chini kwa kishindo, akampokonya Memunatu kipakiti, akakitazama mbele na nyuma.

"Hii ni dawa ya pamba. Napari, hii ni ya pamba! Unataka kuvaa kunde?"

"Dawa si dawa tu?" alisema Napari.

"Dawa si dawa tu! Hii haitoki kwa kuosha, haitoki kwa kupika. Mwaka juzi, mtaa wa kule kisimani, watu walikula mbegu zilizotiwa kitu kama hiki. Mtoto alikimbizwa hospitali anatokwa na povu. Mungu alimnusuru, lakini mama yake mpaka leo akisikia mtoto anakohoa, anasimama." Sahada alimtazama Wumpini aliyekuwa bado anatafuna. "Na huyu wako anakula mbegu kama kuku."

Memunatu alimvuta mwanawe, akambana kifuani kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika. Wazo la kile ambacho alikuwa karibu kukifanya lilimwingia mwilini kama baridi. Akaenda kusukutua mdomo, akaosha mikono kwa sabuni, akamwosha na Wumpini. Napari naye uso ulikuwa umemshuka. Alifunga kipakiti kwenye mfuko, akampelekea bwana shamba ili akiteketeze inavyotakiwa.

"Sasa niambie," alisema Sahada. "Ulifungua?"

"Nilifungua."

"Mara ngapi?"

"Usiniulize."

"Kila ulipofungua uliwapa pumzi mpya. Walikuwa wanakaribia kufa, wewe unawaletea hewa. Na dumu lenye nafasi juu ni kama halijafungwa."

"Ni bibi, Sahada. Anataka kushika. Nimkataze vipi?"

Sahada, ambaye kila siku alikuwa na jibu, safari hii aliushika ungo akaupepeta kidogo. Mwisho alisema, "Hilo ukamwambie mwenyewe. Mimi simwezi mama yule."

Memunatu alienda. Hatua chache tu za ua, lakini siku hiyo alizitembea kama anayepelekwa kwa chifu. Alichuchumaa, akaweka mkononi mwa bibi kiganja kizima cha kunde zilizoliwa.

"Mama, nimeiharibu amana yako."

Bibi Lamisi alipapasa. Kidole gumba kilipita tundu baada ya tundu. Uso wake haukuonyesha kitu. Memunatu alisubiri matusi. Aliyataka matusi, ili yaishe.

"Zote?" aliuliza bibi.

"Karibu nusu. Ni kwa sababu dumu lilifunguliwa. Fukusi wakapata hewa."

"Nani alilifungua?"

"Mimi, mama."

"Kwa nini?"

Memunatu aliinamisha kichwa. Hakutaka kusema. Lakini bibi alijijibu mwenyewe.

"Kwa sababu mimi nilitaka kushika. Kumbe nimezila kwa mkono wangu." Alivuta pumzi ndefu, akakohoa. Vumbi la kipupwe lilikuwa halijamwacha tangu lianze. "Memunatu, ulidhani sikuamini?"

"Nilidhani hivyo, mama."

"Hapana. Wewe ukiamka unatazama, unamwona Wumpini yupo, mbuzi wapo, mlango upo. Mimi kitu nisipokigusa ni kama kimekwenda. Hata nyinyi. Kwa nini nadai mnisalimie kwa mkono kila asubuhi? Sasa mnaniambia nikae bila kugusa mpaka mvua. Na kifua hiki. Je, kama mvua itafika, mimi sikufika?"

Memunatu alisogea karibu. Aliuchukua mkono wa bibi akauweka shavuni kwake.

Siku iliyofuata Memunatu na Sahada walifanya kazi toka jua lilipopanda. Walichekecha kunde, wakachagua moja moja, zilizotobolewa wakawapa kuku. Nzima walizianika juu ya plastiki nyeusi, wakafunika kwa plastiki inayopitisha mwanga, wakabana pembeni kwa mawe. Joto la humo ndani linaua hata mdudu aliyejificha katikati ya mbegu. Baada ya saa chache wakazitoa, wakaziacha kivulini zipoe kabisa.

"Usizifunge zikiwa na moto," alisema Sahada. "Zitatoa jasho, zitaota ukungu."

Lakini zilipopoa, hazikujaza hata nusu ya dumu.

"Basi tunahitaji vyombo vidogo," alisema Sahada. "Chombo kijae, hiyo ndiyo siri. Mbegu ikipungua, punguza chombo."

Memunatu alizitazama chupa za maji ya kunywa alizookota Wumpini sokoni kwa ajili ya michezo yake. Wazo likamjia.

Walijaza chupa zilizooshwa na kukauka, moja baada ya nyingine, mpaka mdomoni. Memunatu alichukua chupa moja akaenda kwa bibi.

"Mama, hii haifunguliwi. Lakini unaweza kuishika. Ishike Ijumaa, ishike Jumatatu, lala nayo ukitaka. Itikise."

Bibi aliitikisa karibu na sikio.

"Hazilii."

"Ndiyo, mama. Zimejaa. Ukisikia zinalia, ujue pana nafasi, mtu amefungua. Chupa hii unaitunza wewe. Amana yako nimekurudishia sehemu yake."

Bibi Lamisi aliizungusha chupa, akapapasa kifuniko, akakijaribu kwa nguvu zake zote. Hakikwenda.

"Umekaza kama mtu mwenye ugomvi," alisema. Na Memunatu akajua wamepatana.

Toka siku hiyo hakuna aliyepumzika kwa chupa ile. Bibi aliifunga kiunoni kwa kitambaa. Alilala nayo. Wageni waliokuja kusalimia walitikisiwa chupa sikioni kabla hawajakaa. "Zinalia?" "Hazilii, bibi." "Sema vizuri." "Hazilii kabisa!" Wumpini aligusa kifuniko mara moja tu, kwa udadisi, akapigiwa kelele zilizoleta majirani. Napari alisema mama yake amezaa uzeeni.

Lakini Memunatu hakuwa anacheka sana. Kutotazama ni kazi ngumu. Chupa nyingine zilikuwa kwenye kikapu, juu ya ubao. Kila alipopita mkono ulimwasha. Alikuwa anaenda mpaka mlangoni, anasimama, anarudi. Na usoni pa bibi mifupa ilikuwa inaanza kuonekana. Kikohozi kilimkamata, kikamwachia, kikamkamata tena. Memunatu alikuwa anawahofia wote wawili, mbegu na mwenye mbegu, wasije wakaondoka pamoja. Alimpeleka bibi zahanati, akapewa dawa. Bibi alienda na chupa yake, muuguzi naye akatikisiwa.

Mvua ilichelewa. Mawingu yalikusanyika, yakatawanyika. Halafu mchana mmoja ikanyesha kwa nguvu, ardhi ikanukia, na watoto wakatoka uchi uani.

Kesho yake Memunatu aliketi na kikapu cha chupa. Napari alisimama nyuma yake. Sahada alikuja na hakufanya mzaha wowote. Memunatu alifungua ya kwanza. Kifuniko kililia. Akamimina kwenye ungo.

Fukusi wawili walidondoka, wakavu, wepesi kama makapi. Memunatu aliwagusa. Hawakusogea. Kunde zilikuwa nyekundu, zinang'aa, hazina tundu jipya hata moja. Alifungua ya pili, na ya tatu. Ndipo akagundua kwamba alikuwa amezuia pumzi.

"Mama!" aliita. "Ziko nzima! Lete na yako tukapande!"

"Yangu?" alijibu Bibi Lamisi kutoka chumbani. "Mvua moja tu mnataka kumaliza kila kitu? Je, ikikatika, mtapanda nini? Pandeni hizo. Yangu haifunguliwi."

Mvua ilikatika kweli, kisha ikarudi. Kunde ziliota. Memunatu alimshika bibi mkono akampeleka shambani, na vidole vile vikapita juu ya miche, mche hadi mche, mstari mzima, pole pole. Zikatambaa, zikatoa maua. Mahindi ya watu yalipokuwa bado majani matupu, na ghala zimebaki na panya, chungu cha Memunatu kilianza kuchemka. Sahada alipika tubaani za kwanza kwa kunde zile. Wumpini alikula mpaka akalala na jani mkononi.

Jioni hiyo Bibi Lamisi alifungua kitambaa kiunoni.

"Memunatu, nifungulie hii sasa. Hizi za shambani zimeshaiva, hakuna wasiwasi tena. Ninataka kushika."

Memunatu aliifungua chupa, akammiminia kiganjani. Bibi aliziviringisha kwa kidole gumba, moja moja, kama zamani. Alitafuta tundu, hakulipata. Alitafuta tena.

"Ndizo," alisema. "Ndizo zile zile nilizotoka nazo kwa mama yangu."

Machozi yalimshuka Memunatu, akayaacha yashuke. Miezi yote ile ya hofu ilikuwa inamtoka. Alikaa pale na chupa wazi mkononi, hajui hata kama anaishika.

"Memunatu."

"Abee, mama."

"Unalia?"

"Nalia, mama."

"Lia tu, mwanangu," alisema Bibi Lamisi, akizirudisha kunde ndani kwa kupapasa mdomo wa chupa. "Lakini kwanza funga hiyo chupa."